Jeki Chini ya Nyumba ya Mwalimu

Ukiona miguu miwili imetokeza chini ya nyumba ya mbao, viatu vimelika visigino, usipige kelele wala usimwite mtu. Huyo ni Mama Jeki, yuko kazini. Akishika mkono wa jeki hasemeshwi. Hata shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye mdomo wake haujui likizo, hapo hunyamaza akatazama mawingu.

Kazi yake ni kuinua nyumba. Zile nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo fupi, ambazo baada ya mvua nyingi huanza kuinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Huingia uvunguni na jeki zake, akainyanyua boriti kidogo kidogo, akachomeka nguzo mpya au akagongea kabari, nyumba ikarudi sawa. Hakuisomea. Mumewe alikuwa fundi wa malori, na alipofariki alimwachia jeki nne na sanduku la spana. Ndugu walimshauri auze. Kabla hajapata mnunuzi, kibanda cha muuza mkaa wa jirani kilizama kwenye tope upande mmoja, mlango ukagoma na mwenyewe yumo ndani. Mama Jeki akaburuta jeki ya lori, akaiwekea ubao chini isizame, akainua. Jirani akatoka mweusi tii kwa vumbi la mkaa, na badala ya kushukuru akauliza kama anaweza kumnyooshea na upande wa pili. Habari za kuuza zikaishia hapo.

Ana taratibu zake. Jeki anaizungusha robo tu, kisha anaiacha, anatoka, anakalia ndoo iliyopinduliwa na kunywa chai. Mbao zina akili nzito, husema, usizisemeshe haraka haraka zitakupasukia. Halafu hataki watu wahame nyumba wakati anainyanyua. Kabati kubwa litoke, friji itoke, lakini watu wabaki humohumo, wapike, wafagie, wagombane kama kawaida yao. Mafundi wengine humcheka kwa hilo. Yeye huwajibu kwamba nyumba tupu inadanganya, utainyoosha leo na wenyewe wakirudi kukaa inainama tena.

Basi akaitwa kwa Mwalimu.

Mwalimu alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na nyumba yake ilikuwa imeinama kiasi kwamba chungwa likidondoka sebuleni unalifuata chini ya meza ya ukutani bila kulitafuta. Anakaa na mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Mtoto wao wa kiume ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji, na ndiye aliyewawekea wazazi sharti. Alishachoka kuota nyumba imewaangukia. Amepata mnunuzi wa mbao, anakuja Jumamosi na lori. Kama mpaka siku hiyo sakafu itakuwa sawa, wazazi wabaki. Isipokuwa sawa, nyumba inabomolewa na wao wanahamia chumba cha kupanga karibu na duka lake.

"Chumba kimoja," Bibi alimwambia Mama Jeki siku ya kwanza, akiwa anamwaga maji ya kuoshea vyombo dirishani. "Mimi na huyu mzee na maneno yake yote, chumba kimoja. Mwanangu, inua hii nyumba."

"Itainuka, Mama," akajibu Mama Jeki. Hakusema inshallah wala hakusema nitajaribu. Alishapita uvunguni, akagonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole, akaona tatu zimeoza miguu. Kazi ya kawaida.

Akaanza. Robo, chai. Robo, chai. Mwalimu alitoa kiti barazani, akakaa juu kabisa ya pale Mama Jeki alipolala, na kwa kuwa mtu wa chini ya sakafu hawezi kuondoka, akawa na mwanafunzi. Shemeji ndiye aliyemchokoza.

"Mwalimu, hivi hili neno jeki ni Kiingereza au ni la kwetu?"

Mzee akakaa vizuri. "La kwao. Lilikuwa jina la mtu. Kijana yeyote wa kawaida, usiyemjua, unamwita Jeki."

"Kama sisi tunavyosema we bwana mdogo."

"Enhe. Sasa kwenye nyumba za matajiri, nani anamvua bwana viatu? Kijana. Nani anageuza nyama juu ya moto? Kijana. Baadaye watu wakatengeneza kibao cha kuvulia viatu, wakatengeneza na chuma cha kugeuzia nyama. Vile vitu vikarithi jina la kijana. Kilipokuja chuma cha kunyanyulia vitu vizito, nacho kikaitwa hivyohivyo."

"Na kijana mwenyewe akaenda wapi?"

"Hilo vitabu havisemi."

Shemeji akaguna kwa huzuni ya uongo. "Na yule wa kwenye karata?"

"Huyo ni kijana wa mfalme. Mtumishi."

"Mtumishi! Na mimi miaka yote namtupa mezani kwa heshima."

"Hata jekipoti imetokea hapo," Mwalimu akaendelea, sasa amekolea. "Kulikuwa na mchezo wa karata, kama huna Jeki wawili mkononi huruhusiwi kufungua dau. Dau likawa linarundikana tu, linasubiri."

"Bado linanisubiri mimi," akasema Shemeji. "Nacheza kila wiki."

Mzee hakukomea hapo. Akasema baharia wao pia huitwa Jeki, na punda dume naye hakusalimika. Tundu la kuchomekea spika za masikioni, alieleza, wanasema lilipata jina kwa kisu cha kukunja, maana swichi za simu za zamani zilifanana nacho, na kile kisu nacho kilikuwa na jina la yuleyule kijana. Jaketi wengi wanadhani limetoka kwa wakulima wa Kifaransa, waliokuwa na jina lao la dharau linalofanana na hilo. Sisi tukalipokea neno tukaongeza letu, tukasema kumpiga mtu jeki, yaani kumsaidia ainuke, na Waingereza wenyewe hawasemi hivyo. Ndiyo maana, akasema, ukilifuata neno hili popote linakupeleka kwa mtu wa chini, anayefanya kazi ambayo wenzake hawaitaki.

Chini ya sakafu ikasikika sauti tulivu. "Mwalimu, mtu wa chini amekusikia. Sasa anaomba mtu wa juu amletee kabari, na asiwe Shemeji, maana atakaa njiani."

Bibi alicheka huko jikoni mpaka akashika mlango.

Jumatano jioni sakafu ikawa sawa. Mama Jeki aliweka pimamaji sebuleni, kile kipovu cha hewa kwenye kioo chake kikatulia katikati kama kimezaliwa hapo. Nguzo tatu mpya zilikuwa zimesimama. Mwalimu akadondosha chungwa makusudi, likakaa. Shemeji akaanza kukusanya vyombo huku akipiga mluzi.

"Acha hivyo vyombo," Mama Jeki akasema. "Tunalala, tunarudi asubuhi, ndiyo tunafunga."

Asubuhi kipovu kilikuwa kimekimbilia pembeni.

Shemeji alisema ni udongo, mvua nyingi, nguzo zimedidimia. Mama Jeki akaingia chini na tochi. Nguzo mpya zilikuwa pale alipoziacha, kabari hazijasogea hata unywele. Akainua tena robo, akangoja, akainua tena. Mchana sakafu ikawa sawa. Jioni ikainama. Mwalimu hakuwa na somo siku hiyo. Alikaa barazani anaitazama barabara, na mtoto wake alipopiga simu kuuliza maendeleo, mzee alimwambia kwamba mtandao unasumbua, akakata.

"Shemeji," mdogo wa marehemu akasema kwa sauti ya chini walipokuwa wanakunja turubai, "tumwambie ukweli yule kijana wa Mwalimu, amlete mnunuzi na lori lake. Hata kaka angeshindwa."

"Kaka yako angeshindwa, ndiyo. Alikuwa hana subira. Mimi kesho naingia alfajiri, na wewe ukichelewa nakuja kukumwagia maji."

Ijumaa aliingia chini bila jeki. Akalala chali kwenye udongo baridi, mikono kifuani, akamwambia Shemeji aende zake barazani na asimruhusu mtu kuuliza kitu. Juu yake nyumba ikaamka. Mwalimu alikohoa, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Mbao zikanung'unika kidogo, mnung'uniko wa kawaida wa mbao kuukuu. Bibi akatandika kitanda, akafagia sebule. Kimya. Kisha Bibi akaenda jikoni kubandika chai, na boriti kubwa, ile iliyokatiza nyumba nzima, ikalia. Ililia kwa sauti nzito ya kuvutwa, si ya kukandamizwa. Bibi akarudi sebuleni, ikatulia. Akaenda tena jikoni, ikalia tena.

Mama Jeki akajiviringisha mpaka nyuma ya nyumba, akamulika. Jiko lile lilikuwa limejengwa baadaye. Lilikuwa zuri kwa nje, mbao zimepigwa randa, dirisha lina kizingiti cha kuwekea sufuria. Lakini chini halikuwa na mguu hata mmoja. Mjenzi alikuwa amelipigilia kwenye ncha ya boriti ya nyumba kwa misumari mikubwa isiyo na idadi, likaning'inia hapo miaka yote kama mtoto mgongoni, nalo likawa linaivuta nyumba nyuma kila Bibi aliposimama kupika.

Akatoka, akajifuta vumbi usoni. Alijua sasa anachotakiwa kufanya na alijua kingechukua asubuhi moja. Kilichobaki kilikuwa kuuliza.

"Mwalimu, hili jiko alijenga nani?"

Mzee akanyooka. "Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, wakati shule zimefungwa. Bibi alikuwa anapikia nje na mvua inamnyeshea. Sikuita fundi."

"Naona hukuita," akasema Mama Jeki, bila ubaya. Kisha akamweleza yote, wazi, kama mtu anayempa mgonjwa majibu yake. Nyumba yake ni nzima. Haizami, inavutwa. Jiko likikatwa leo, kesho sakafu itakaa na haitaondoka tena. Lisipokatwa, hata afunge jeki kumi chini, ni kazi bure.

Mwalimu akageuka. Akaingia ndani, wakasikia hatua zake zikienda mpaka jikoni, na boriti ikalia chini yake pia. Mama Jeki na Shemeji wakabaki barazani. Huyu aliyezoea kuongea akawa anakwaruza tope kwenye kiatu.

"Umesikia wanachosema?" Mwalimu akamuuliza mkewe. Sauti ilipita dirishani.

"Nimesikia."

"Wanasema mimi ndiye niliyeibomoa nyumba."

"Hakuna aliyesema hivyo. Shika hii sufuria, inaungua." Ikasikika sufuria ikitua. "Baba, hii sakafu inacheza tangu mwaka ule ulipoijenga. Nikisimama hapa kwenye jiko nayumba kama niko mashuani."

"Tangu mwaka ule? Na hukuniambia?"

"Ungejisikiaje? Ulikuwa unawaita majirani mmoja mmoja waje kuiona. Nikasema moyoni, mimi nitajifunza kuyumba."

Kisha ikasikika sauti ambayo Shemeji baadaye alisema alidhani mzee analia, kumbe alikuwa anacheka, taratibu, kama mtu aliyesahau kucheka kunaanzaje. Mwalimu akatoka barazani mikono imeshika nyundo ya zamani yenye mpini uliofungwa waya.

"Nioneshe pa kuanzia," akamwambia Mama Jeki. "Misumari niliipiga mimi, nitaing'oa mimi."

"Utashika mtaimbo, Mwalimu. Nyundo umpe Shemeji, yeye amezoea kubomoa."

"Nimekusikia," Shemeji akasema.

Wakafanya kazi mpaka jua likawa kichwani na kuendelea. Mama Jeki aliweka jeki mbili chini ya jiko ili lisianguke ghafla, akakaa kati yake na nyumba, akaelekeza msumari upi utoke kwanza. Wa mwisho ulipoachia, boriti ilitoa mlio mfupi mkavu, na nyumba nzima ikapanda kidogo, yenyewe, bila mtu kuigusa. Vikombe vya Bibi vikagongana mezani sebuleni. Mama Jeki akaingia ndani na pimamaji. Aliiacha tu sakafuni ili kila anayetaka akaangalie.

Jumamosi mtoto wao alikuja na mnunuzi wa mbao. Kijana alivua viatu mlangoni, akatembea sebule nzima huku na huku, akaruka mara mbili kujaribu, akapiga magoti mbele ya ile pimamaji muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Dada, itakaa?" akamuuliza Mama Jeki.

"Imelala hivyo na imeamka hivyo. Baba yako alikuwa ndani, mama yako alikuwa ndani. Itakaa."

Mnunuzi wa mbao, ambaye hakupenda kurudi mikono mitupu, alikuwa ameshazunguka nyuma na kuona mbao za jiko zimepangwa safi kwenye majani. "Hizi angalau zinauzwa?"

"Haziuzwi," akasema Bibi kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Hizo ni za jiko langu."

Mwalimu akamgeukia Mama Jeki, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyesimamishwa. "Jiko linahitaji miguu mingapi?"

"Inategemea mpishi anatembeaje. Mama, njoo hapa, jifanye unapika."

Basi Bibi akashuka kwenye udongo mtupu nyuma ya nyumba. Akasimama mahali pa moto, akaenda mahali pa maji, akageuka kuchukua chumvi isiyokuwepo, akainama kumimina, akarudi kwenye moto. Mama Jeki alimfuata nyuma ameshika vijiti, na kila alipokanyaga kwa uzito, akachomeka kimoja ardhini.