Siku Kukhu Alipomfuta Jasho Mcheza Baleti

Watu wa siku hizi wakinisikia nikisema niliona baleti Kitale kabla ya Uhuru, wananicheka. Ati wewe, mtoto wa Kibukusu, baleti uliionea wapi? Basi nyamazeni niwaambie.

Baba alifanya kazi katika ukumbi wa Wazungu mjini Kitale. Alianza kwa kuosha sahani jikoni, kisha akapewa kazi ya kuvuta pazia la jukwaa. Aliipenda kupita kiasi. Alipewa koti na viatu, na nyumbani alitusimulia mpaka tukachoka habari za watoto wa Kizungu wanaocheza kwa ncha za vidole vya miguu. Kila Krismasi tulimlilia atupeleke. Mwaka mmoja mwalimu wao wa densi, mama wa Kizungu, akakubali: familia za watumishi zije mchana kutazama mazoezi ya mwisho, mradi kusiwe na kelele.

Shida ilikuwa kukhu. Ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mamake baba, aliyekuwa amekuja kutoka Myanga kula sikukuu nasi. Kumwacha nyumbani haikuwezekana. Kumnyamazisha ndiyo kabisa!

"Mama, nakuomba," baba alimwambia asubuhi hiyo. "Pale watu hutazama tu. Ukipiga kelele, kazi yangu imeenda."

"Nimetazama ngoma kabla hujazaliwa," kukhu akamjibu. "Utanifundisha kutazama?"

Tuliketi benchi la nyuma kabisa, mama amempakata kitinda mimba wetu. Baba akavuta kamba, pazia likafunguka, nami nikasahau hata kufunga mdomo. Wasichana walitoka wamevaa sketi za neti zilizosimama zenyewe, piano ikalia, wakaanza kuzunguka. Walikuwa wepesi jamani! Mdogo wangu akaniuliza kama wana mifupa. Aliyeongoza alikuwa msichana wa rika langu, mwekundu kwa joto, na alisimama juu ya vidole mpaka vyangu vikaniuma.

"Mbona hakanyagi chini? Sakafu ina miiba?" kukhu akanong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa wa kusikika ng'ambo ya mto. Mama akamfinya.

Ngoma ikaisha. Wazungu wachache waliokaa mbele wakapiga makofi kidogo, pa pa pa, basi. Kukhu akatugeukia, ameudhika kweli. "Mtoto amecheza hivyo, jasho linamtiririka, na hakuna hata mmoja wa kuinuka? Kwani hana watu?"

Kwetu mtu akicheza vizuri haachwi hivi hivi. Unaondoka pale ulipo, unamwendea uwanjani, unamfuta jasho kwa leso yako mbele ya wote, ajue amewafurahisha. Asiyefutwa amecheza bure. Sasa nani angemweleza kukhu kwamba Wazungu hawana hayo?

Kabla mama hajamshika, alikuwa njiani, vigelegele mdomoni, leso mkononi. Akapanda ngazi za jukwaa. Akamshika yule msichana kidevu, akamfuta uso, na leso ikatoka na poda na rangi nyekundu.

"Kumbe wamekupaka unga, maskini," akasema, akazidi kufuta.

Msimamizi wa ukumbi, Mzungu mmoja mkali, akaruka kutoka kitini. "Pazia! Vuta pazia!"

Nikamtazama baba. Kamba alikuwa nayo mikononi, amekakamaa. Hata mimi mtoto nilielewa. Akivuta, atakuwa amemfukuza mamake mbele ya watu. Asipovuta, koti na viatu kwaheri.

"Vuta, wewe! Nani huyu mwanamke?"

"Ni mama yangu, bwana," baba akasema, kwa sauti iliyofika mpaka benchi letu. "Ngoja amalize."

Msichana akatabasamu. Akarudisha mguu mmoja nyuma, akainama mbele ya kukhu mpaka goti likakaribia sakafu, vile walivyofundishwa. Kukhu akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa Kibukusu. Mama mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu, na wale wasichana wengine wakaja mmoja mmoja, nao wafutwe. Sisi huku nyuma tulipiga vigelegele bila kumwuliza mtu. Nilifurahi siku ile, wacha tu!

Januari baba alirudishwa jikoni. Koti akalirudisha, na viatu pia. Nilikasirika mpaka nikalia, nikamwambia haya yote ni makosa ya kukhu, na hata yeye baba anajua. Baba akanitazama kama mtu aliyesikia upuzi.

"Makosa gani?" akasema. "Hapa Kitale nzima, nitajie mtu mwingine ambaye mamake amepigiwa goti na Mzungu."