Uwanja Usiofagiwa

Niseme ukweli: mashairi ya Kichina ya msimu wa majani kupukutika yalinichosha kabla sijayaelewa. Kila mshairi analia. Jani likidondoka, analia. Bata bukini wakipita angani, analia. Upepo ukibadilika kidogo tu, anatafuta pombe, anakunywa, analia. Nami nimekaa darasani Guangzhou, kusini mwa Uchina, mwezi wa kumi, shati limenigandia mgongoni kwa jasho na nje miti ni kijani kitupu. Huzuni hiyo ningeitoa wapi jamani?

Lakini ilibidi niipate. Mwezi wa saba nilikuwa nimefeli mtihani wa mdomo wa lugha. Mwalimu, mzee mkavu asiyecheka, aliniuliza kwa nini mshairi ana huzuni, nikajibu kwamba anasikia baridi. Nikapewa nafasi moja tu ya kurudia. Nikifeli tena, ufadhili unakatwa na narudishwa Tanga mikono mitupu, mimi niliyesindikizwa na mtaa mzima.

Kilichonizidishia presha ni barua ya dada yangu. Kwetu nyumbani mtu akisafiri, uwanja haufagiwi mpaka ije habari kuwa amefika salama. Kufagia mapema ni kumfutia nyayo. Siku nilipofika Uchina nilipiga simu, mama akafagia, yakaisha. Sasa dada aliandika kwamba tangu mama asikie nimefeli, ufagio kauweka juu ya kabati. Anasema mwanawe bado hajafika. Majani ya ule mti wa mkungu wa uwanjani yamejaa hadi mlangoni, majirani wanauliza kama ndani kuna mgonjwa. Nilikasirika sana. Mimi nahangaika na mtihani, yeye ananigomea na ufagio! Barua nikaikunja, nikaitia mfukoni, sikuijibu.

Mwenzangu wa chumba, Mkenya, alinishauri nikariri jibu. Nikakariri: majani yanaanguka, umri unapita, mshairi yuko mbali na kwao. Siku ya mtihani nililitoa lote kwa pumzi moja. Mwalimu alisikiliza huku anatazama dirishani, kisha akafunga kitabu.

"Hayo ni maneno ya kitabu," alisema. "Wewe umeona nini?"

Nilitafuta neno lolote la Kichina, sikulipata, na yeye akachukua kalamu. Nilipoiona ile kalamu inashuka kwenye karatasi, nikaanza kusema ovyo ovyo: kwamba nyumbani kuna mti unaoangusha majani makubwa mekundu, kwamba mama hayafagii, kwamba anaogopa akifagia sitafika. Sarufi ilikuwa mbovu kupindukia. Katikati ya maneno nikamwona mama akilini mwangu, amesimama mlangoni anayatazama yale majani. Hasira yote niliyokuwa nayo juu yake ikaniisha, ikabaki aibu.

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Umefaulu," akasema. "Nenda ukampigie simu mama yako."

Nilikimbia hadi kwenye duka la simu. Nikapiga kwa jirani yetu, akaenda kumwita mama, nami nikasubiri nimeung'ang'ania mkonga wa simu kwa mikono miwili. Alipopokea nikamwambia nimefaulu, ufadhili upo, sasa nabaki miaka mingine minne mpaka nimalize digrii. Nikamwambia afagie uwanja.

Alimshukuru Mungu. Kisha sauti yake ikashuka.

"Minne," alisema. "Haya, nitafagia, baba. Ila pale mlangoni nakuachia. Utakuja kupafagia mwenyewe."

Nikaweka simu chini, nikatoka. Barabarani joto lilikuwa lile lile, na hakuna mti uliokuwa umedondosha hata jani moja. Nikasimama pale nalia mbele za watu, mimi niliyekuwa nikiwacheka washairi.