Kisigino cha Tiberih

Tiberih alikuwa fundi wa kuta za mawe, zile zinazozuia udongo usiporomoke kwenye milima ya Tigray, na hakuna mwanamume kijijini aliyethubutu kumwonyesha jiwe lipi likae wapi. Siku moja alianguka kutoka juu ya ukuta, akavunjika kisigino. Mganga wa mifupa akakifunga, kikapona kikiwa kimekaa upande, naye akarudi kazini.

Maumivu yalikuja miaka kumi baadaye, tena kwa hila. Penye tambarare alitembea kama bibi harusi. Akikanyaga mawe tu, anachechemea huku ameuma meno. Mganga alikunja kifundo cha mguu juu na chini, akakiona kizima. Wifi yake Abrehet akapata la kusema.

"Ugonjwa gani huo unaochagua njia, wifi? Sema umechoka kazi, tuelewe!"

Daktari wa Mekele yeye alishika kisigino, akakiinamisha kushoto na kulia. Tiberih alipiga yowe hadi foleni ya nje ikanyamaza. Kifundo hakina neno, daktari akamwambia; kilicholika ni kiungo cha chini yake, kinachouwezesha mguu kuinama upande upande juu ya mawe. Gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Akampa vidonge vya uvimbe, na kishikizo cha ngozi chenye vyuma pembeni, cha kufungwa mguuni na kupita chini ya unyayo. Kisiposaidia, sindano, nayo ikishindwa, mifupa miwili itaungwa kwa skrubu.

"Kwenye mawe usikivue hiki," akamwonya.

Tiberih alilia palepale, kwa hasira na kwa furaha. Kumbe hakuwa mvivu!

Mwezi uliofuata jirani yake Luam alimchagua awe mama wa ubatizo wa bintiye. Siku ya themanini ya mtoto, ndiyo ya kubatizwa wasichana, wakafika kanisani alfajiri. Langoni kila mtu alivua viatu, Tiberih naye akavua. Kishikizo kikabaki. Kasisi, Abba Woldu, akaweka fimbo yake mbele ya Tiberih.

"Na hicho?"

"Si kiatu, Abba."

"Kina ngozi, kinakanyaga chini. Vua."

"Avue, au anipe mtoto mimi," Abrehet akanyoosha mikono. "Miguu yangu haina masharti."

Tiberih alimkumbatia mtoto. Ua zima lilikuwa mawe matupu. Bila kishikizo angeanguka naye. Na akimtoa, huyu atakuwa mwana wa ubatizo wa Abrehet maisha yake yote.

"Abba, hiyo fimbo ya nini?"

"Ya kuegemea. Ibada ni ndefu, miguu imezeeka."

"Na inakanyaga wapi, hewani? Imetoka barabarani na wewe, na itaingia mpaka ndani. Yangu imefungwa mguuni tu. Sivui, na mtoto simtoi! Leteni maji nioshwe nyayo."

Watu waliguna. Abba Woldu aliitazama fimbo yake, kisha akaiondoa njiani.

"Mwoshe, Abrehet. Yeye mikono yake ina mtoto."

Abrehet aliinama na kibuyu, uso umemvimba, akaosha ngozi na vyuma. Tiberih akayavuka mawe polepole, bila kuchechemea. Mlangoni alipoulizwa nani amemleta mtoto huyu, alijibu kwa sauti iliyofika hadi langoni:

"Mimi, Tiberih. Mama yake."