Kwangu Inakubali

Fundi wa kompyuta wa idara yetu ya utabiri wa mvua hagusi kibodi mpaka avipulize vidole vyake, kama mtu anayepoza chai. Ukimpelekea programu iliyokataa kufanya kazi, haulizi imekataaje. Anaegemea kiti, anajikuna kidevu, anasema kwa sauti ya kutoa pole msibani, "Mbona kwangu inakubali?" Hiyo "kwangu" hakuna aliyewahi kuiona. Tunachokiona ni mashine kubwa ya ofisini yenye kompaila ya zamani, yaani kile kitafsiri kinachogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine, na programu zetu zimeandikwa kwa ajili ya kompaila mpya; hazipikiki chungu kimoja. Ukimwambia aibadilishe anatabasamu. "Dada yangu, mashine haina kosa. Kosa ni la mtu."

Juzi mto ulianza kufurika, na mkuu wetu akaja kumsimamia mgongoni. Kompaila ikatema makosa skrini nzima. Fundi hakusoma hata moja. Kila mstari wa programu uliolalamikiwa aliufuta, huku akipuliza vidole, mpaka malalamiko yakaisha. "Imekubali," akasema, akageuza kiti ili tumwone vizuri. Programu ikaenda, ikatoa jibu: kesho mvua itanyesha milimita kumi na mbili chini ya sifuri.

"Mvua ya chini ya sifuri ndiyo mvua gani?" mkuu akauliza.

Fundi akatazama dirishani, ambako maji yalikuwa yameshafika kwenye ngazi. "Hapo, mzee, waulize watu wa mvua."

Watu wa mvua ni sisi, tuliosimama nyuma ya kiti chake.