Siku Tuliyomshikisha Wifi Msahafu

Hasira yangu haijapoa, na siombi ipoe.

Mama alikuwa na akili timamu, ndivyo tulivyokuwa tukisema. Alijua nani alizaliwa kabla ya nani, na mchele wa soko la Owino ulipanda bei wiki gani. Mtu wa namna hiyo akikuambia mke wa mwanawe anamtilia sumu, utambishia kwa lipi?

Huyo mke wa kaka yangu mkubwa ndiye aliyekaa na mama mtaani Kyebando. Alimpikia, alimfulia, alimkanda miguu. Mama akaanza kumtazama kwa jicho baya. Mara nguo zake za harusini zimeibwa, mara chai ina uchungu, mara askari wamejificha darini na wifi ndiye anayewapelekea habari zetu. Hilo la askari hatukulicheka. Sisi Wanubi, tulioitwa watu wa serikali iliyopinduliwa, tulipekuliwa mpaka ndani ya magodoro, na baada ya vita bado kila mlio wa viatu vya jeshi ulitushtua. Tukasema ni woga tu. Mama alipoacha kusuka vikapu, akaacha na kwenda harusini, tukasema wifi amemtia huzuni.

Kaka akaita kikao, Ijumaa baada ya swala. Mkeka ukatandikwa uani, wazee na majirani wakaitwa wawe mashahidi. Mama alijieleza vizuri kuliko wakili.

"Huyu mutu anatia dawa kwa chakula yangu. Nimeona na macho yangu."

Wifi akatawadha, akashika msahafu, akaapa. Mama akasema hata mwizi huapa, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Jioni ile ile kaka akampa wifi talaka. Mimi ndiye niliyemfungia mizigo, na nilikung'uta kila nguo yake nikitafuta za mama. Sikuona hata moja, na nikanyamaza. Mjinga mkubwa mimi.

Miaka miwili baadaye mama alipotea njia ya kwenda chooni kwake mwenyewe. Tukampeleka hospitali. Daktari akauliza kama tabia yake ilibadilika kabla ya kusahau. Tukamweleza habari za sumu na za askari wa darini. Akasema kwa wazee wengine ugonjwa huu wa ubongo huanza hivyo, kwa shaka na hofu, wakati kumbukumbu bado ni nzima.

"Basi, ni kazi ya Mungu," kaka akasema.

Nusura nimzabe kofi. Nilimwambia aite kikao kile kile, watu wale wale, atamke kwamba mkewe hakuwa na kosa. Akasema tutamwaibisha mama. Mama gani? Mama hakumjua tena hata yeye. Aibu aliyoiogopa ilikuwa yake.

Nikaenda Owino, ambako wifi alikuwa akiuza mashati ya mitumba, nikamweleza yote. Aliendelea kukunja.

"Mulinifukuza mbele ya watu," alisema. "Sasa unakuja kunisafisha hapa, ndani ya mashati?"

Alikuwa na haki. Siku ya pili nikaanza kupita Kyebando nyumba kwa nyumba, nikisema kwa sauti kwamba tulimdhulumu mwanamke yule na kwamba kaka anaficha ukweli. Katika nyumba ya tatu jirani alinikaribisha vizuri, akaniwekea chai, akanishika mkono.

"Pole, dada. Kaka yako ametuambia. Anasema na wewe umeanza kushuku watu, kama mama."