Mawese kwenye reli ya kamera

Jamani, leo mutu amefukuzwa kazi kwa kosa langu, na mimi nimenyamaza.

Mnaijua kamera ya daktari wetu hapa Kasongo, ile ya kupigia picha mbung'o. Inakaa juu ya reli ndogo ya chuma. Mimi ndiye ninayezungusha parafujo yake, kidogo kidogo, mpaka macho ya mdudu yaonekane wazi.

Asubuhi reli ilikuwa inalia. Mafuta ya mashine yalikwisha.
Nikapaka mawese. (Nani kati yenu hajapaka mawese kwenye bawaba ya mlango?)

Ikateleza vizuri kabisa!

Kilibaki kioo kimoja tu cha kunasia picha, na mbung'o mmoja kutoka Wamaza.
"Mutu asipumue," daktari akasema.

Ndipo nikaona sisimizi. Wanapanda reli, mmoja nyuma ya mwingine, wanafuata mawese.
Nikiachia parafujo niwapanguse, picha imeharibika. Nikinyamaza, imeharibika pia.
Nikanyamaza.

Wakamfikia mbung'o, wakamburuta. Tak! Picha ikapigwa.

Daktari akanusa reli, akasikia harufu ya mawese. Akamwita mpishi wake, Papa Rashidi.
"Ni wewe umegusa kamera yangu na mikono ya jikoni?"
"Hapana, Bwana. Mimi sijaingia humu."
"Kesho usirudi."

Papa Rashidi akatazama vidole vyangu, vyekundu kwa mawese. Akavua aproni yake, akatoka.

Basi nabandika karatasi hii kwenye ubao wa serkle, klabu yetu, na jina langu chini. Andikeni pembeni mnavyoniona.

Daktari naye huusoma ubao huu kila jioni. Pikipiki yake naisikia inakata kona.

Sitaibandua.