Fonti ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani pale Voi kabla hajanunua kompyuta, na tabia za ufundi hazikumtoka. Alipima maneno kwenye skrini kwa tepu ile ile ya kupimia viuno vya watu. Mimi ndiye niliyechapa, ndani ya kijichumba nyuma ya duka, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi. Feni ilielekezwa kwa mashine, si kwangu. Mashine ikiharibika ni hasara. Mimi nikizimia nitamwagiwa maji.

Nilitaka kwenda chuo Mombasa. Nilitaka hadi nikakonda. Mjomba akaniahidi: meneja wa hoteli moja ya watalii anataka ukurasa wa mtandao, nikiumaliza na akiukubali, nifunge virago niende.

Mjomba alichagua fonti ya herufi nyembamba zenye madoido, kutoka kwenye sidii aliyoinunua mwenyewe, akapima kila mstari kwa tepu akaridhika. Meneja alipoufungua ule ukurasa ofisini kwake, loh! Maneno yamefura, mistari imeporomoka, bei za vyumba zimemlalia ndovu pichani. Kumbe kompyuta yake haikuwa na fonti yetu, ikaweka yake. Saizi ni ile ile, ila herufi zake zilikuwa ndefu na pana kuliko zetu. Mjomba akaapa kwamba kompyuta ya meneja ndiyo mbovu, maana yeye alipima.

Niliichukia ile kazi, wallahi, lakini ndiyo iliyonizibia njia. Nikaifuta fonti yetu kwenye mashine nione anachokiona meneja. Kisha nikapunguza saizi kidogo kidogo, nikabana nafasi kati ya mistari, mpaka kila neno likakaa mahali pake. Meneja akapiga simu kusema sasa ni safi kabisa.

Nikaanza kukunja nguo. Mjomba akaja mlangoni, uso unamng'aa, akanieleza kwamba meneja amewasimulia wenzake wa hoteli nyingine, na wao pia wanataka kurasa zao.

"Uliniahidi, mjomba," nikamwambia.

"Nilikuahidi, mwanangu, sijakataa," akasema kwa upole. "Lakini Voi nzima nani mwingine anayeijua kazi hii? Wewe ukienda, mimi nifunge?"

Angenifokea, ningebishana naye.

Kesho yake alileta kiti kipya cha ofisi, cha magurudumu, akakipangusa vumbi kwa kanzu yake. Alisema ni changu peke yangu. Nikamshukuru, nikakikalia mbele ya mashine, na hapo nikajua Mombasa siendi.